Miaka Niliyomsomea Namba Bila-Uso

Mwaka ninaousema ni ule tuliokula maboga. Mahindi yaliungua yakiwa yamefika magotini, maharage yakatoa maua yakaishia hapo, lakini maboga, sijui nani aliyachokoza, yalitambaa mpaka yakapanda juu ya paa la choo. Asubuhi tulikula boga la kuchemsha, mchana boga na maziwa, jioni ugali wenye boga ndani yake. Mbwa wangu aliwekewa boga, akalinusa, akanitazama usoni kama mtu mwenye neno la kusema, akahamia kwa jirani. Kama ulikuwa mdogo hapa Endagikot mwaka ule, muulize mama yako kwa nini mpaka leo hapiki boga. Mimi nakwambia kwamba kazi yangu ya kompyuta ilianzia ndani ya sufuria ya boga.

Ndiyo, kazi ya kompyuta. Cheka umalize, nakusubiri.

Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisomea nyuma ya ng'ombe. Lakini ninyi vijana mnaokuja kujifunza kwa mjukuu wangu Sisilia, pale Mbulu mjini nyuma ya mashine ya kusaga, mjue kwamba kile kiti chenye mto wa kitenge karibu na dirisha hakikuwekwa kuwa pambo. Ni kiti changu. Nimekikalia miaka yote ya kazi yangu na nimestaafu bila mtu kunifukuza. Kwa hiyo kaeni, ila si hapo.

Sisilia na mwenzake Gidamis, kijana wa Basotu, mrefu kama nguzo ya umeme na mpole mpaka unatamani kumfinya, walitengeneza programu ya kuwasaidia wakulima wetu wa vitunguu saumu. Kuna soko la kwenye mtandao. Mkulima anaandika ana mzigo gani, mnunuzi anasema anautaka, mkulima anakubali au anakataa. Sasa mkulima yuko shambani, mikono ina udongo, simu yake ni ya tochi. Basi programu inaingia sokoni kwa niaba yake, inasoma, inaandika, inamletea ujumbe. Imeandikwa kwa JavaScript na inakaa kwenye seva. Inafungua kivinjari kama kile unachofungua wewe kuangalia mpira, ila hiki hakina dirisha. Kwenye kioo huoni kitu. Kinajaza majina, kinabonyeza vitufe, kinafungua kurasa, na wewe umekaa unatazama ukuta.

"Hakina uso?" niliuliza siku ya kwanza.

"Hakina, Bibi," alisema Gidamis.

"Na kinaingia kwa watu hivyohivyo?"

"Hivyohivyo, Bibi."

Nikakipa jina Bila-Uso. Tangu hapo hakuna aliyekiita vingine, hata Sisilia ambaye ana cheti.

Siku ya kufungua akaunti ya kikundi, soko lilitaka namba ya simu. Simu ya Sisilia ilikuwa imetumbukia kwenye sufuria ya boga, kwa sababu alikuwa anakoroga kwa mkono mmoja na kuandika ujumbe kwa mwingine. Ya Gidamis haikuwa na chaji, kama kawaida ya Gidamis. Mimi nilikuwa nimekuja kuwaletea chakula, na unajua chakula chenyewe. "Bibi, tuazime namba yako," Sisilia akasema. "Ni ya leo tu."

Hiyo leo ilikomaa mpaka ikaota mvi. Maana soko lina tabia moja. Mgeni akigonga, hata awe na jina sahihi na neno la siri sahihi, linatuma namba sita kwenye simu ya mwenye akaunti. Usipozisoma huingii. Na simu ni yangu. Basi Bila-Uso akigonga, simu inalia kifuani kwangu, Gidamis anapiga: "Shikamoo Bibi, samahani, namba imeingia?" Marahaba, imeingia, andika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Usidhani ni ndogo.

Sasa nikufundishe jambo ambalo Sisilia alinifundisha kwa subira, akalifundisha tena kesho yake bila subira. Seva haikumbuki mtu. Unaweza kuongea nayo sasa hivi, ukarudi kabla hujameza mate, ikakuuliza wewe nani. Kwa hiyo ukishaingia vizuri inakupa alama, inaitwa kuki. Kila ukigonga unaionyesha. Na yenyewe huko ndani inaweka kumbukumbu yake: mwenye alama hii ni fulani, namba zake nimeshaziona, mwacheni apite. Hiyo ndiyo sesheni. Kuki iko kwako, sesheni iko kwake. Ukipoteza ya kwako, wewe ni mgeni. Akitupa ya kwake, hata uje na kuki imekunjwa vizuri kwenye leso, wewe ni mgeni. Rudia maneno hayo ukiwa unapiga mswaki.

Mwanzoni Bila-Uso hakutunza kitu. Anaingia, anapewa kuki, anamaliza kazi, kivinjari kinafungwa, kuki inakufa nacho. Asubuhi anakuja kama mtoto aliyezaliwa jana. Kila akiamka, namba. Nilisoma namba nikikamua ng'ombe. Nilisoma namba nikiwa nimeshika kuku aliyekuwa anajua kinachomsubiri, na kuku akatumia nafasi hiyo vizuri. Nilisoma namba kwenye harusi ya binti wa jirani, kanisani, nikiwa nimeinama nyuma ya mgongo wa mtu mnene. Mimi sauti yangu haijui kunong'ona. Nikasema, "Mia moja kumi na mbili!" Mwalimu wa kwaya akadhani mtu mzima amechagua wimbo. Kwaya ikafungua kitabu, ikaimba mia moja kumi na mbili, ambao ni wimbo wa kuteremsha jeneza. Bibi harusi akalia, watu wakasema ni furaha. Nusu ya pili ya namba ilizidi nyimbo za kitabu, nikamshukuru Mungu.

Baada ya hapo Gidamis akaandika sehemu ya kuhifadhi kuki kwenye faili. Akahifadhi mapema mno. Bila-Uso alipofika mlangoni tu, kabla hajajaza namba, akachukua alama na kuitunza. Alama ya mtu aliyesimama nje! Kesho yake akaja nayo akijiamini, wakamwambia endelea kusimama nje. Kwa hiyo kijana, ngoja kwanza uone kitu kilichoko ndani, jina la kikundi chako pale juu, ndipo uhifadhi. Na kesho yake mpe kuki kabla ya kufungua ukurasa, siyo akishagonga ndipo unamkimbilia na alama mkononi.

Tukapata na kikundi cha Nangwa, watu wa maharage. Gidamis akamtuma Bila-Uso amalize ya Endagikot, halafu afanye ya Nangwa, katika kivinjari kilekile, na kuki zilezile. Asubuhi akaja mzee Tluway, mwenyekiti wa kikundi chetu, kofia mkononi.

"Mama, kuna mtu kanipigia simu kutoka Arusha. Anataka maharage yangu."

"Una maharage?"

"Sina. Nikamwambia sina. Akaniambia mzee acha ujanja, uliyaandika mwenyewe sokoni. Alivyosema kwa uhakika, nikaenda kuangalia ghalani."

"Ukayakuta?"

"Sikuyakuta. Lakini nilitafuta."

Soko lilikuwa limeona alama ya Endagikot, likaandika maharage ya Nangwa kwa jina la Endagikot. Seva haitazami sura, inatazama alama. Tangu siku hiyo kila kikundi kilipewa chumba chake ndani ya kivinjari na faili lake la kuki, na hawachangii hata kijiko. Na mimi badala ya namba za kikundi kimoja nikapata za viwili, maana Nangwa nao waliazima namba yangu. Ya leo tu.

Lakini ajabu ni hii. Kuki zikahifadhiwa vizuri, kwa wakati wake, kila moja chumbani kwake, na bado asubuhi simu yangu inalia. Namba! Sisilia akasema labda sesheni inazeeka kwa kukaa bila kazi, maana zipo zinazokufa hivyo, hata kama kuki yenyewe imeandikwa tarehe ya mbali. Wakamwamsha Bila-Uso kila baada ya muda mfupi. Wapi! Gidamis akasema ni mtandao. Mzee Tluway akasema wenye soko wanatuonea wivu wa vitunguu saumu. Mimi nikasoma namba. Na kwa sababu niliisoma kila mara, hakuna aliyesumbuka kutafuta zaidi. Walikuwa na Bibi.

Wakati huo nina dada yangu, Desideria, mkubwa wangu, aliolewa Basotu zamani, anakaa karibu na ziwa. Nyumbani kwake mtandao haufiki, akitaka kupiga simu anapanda mlimani. Akifika juu anahema kwanza, halafu ananisema.

"Unakuja lini?"

"Nikipata nafasi, dada."

"Umeolewa na hiyo simu? Uzeeni? Ametoa mahari gani?"

"Dada, kuna kazi."

"Perege wananenepa wakikusubiri, mimi nakonda. Macho yangu yanaingia ukungu. Mbuzi wangu nawajua kwa kelele zao sasa. Njoo nikuone kabla hujabaki sauti tu."

Hilo lilinichoma. Nikafunga mzigo. Nilipofika Dongobesh simu ikalia: Bila-Uso yuko nje, na mbele huko kuna mahali mtandao unakatika. Nikarudi. Mara nyingine nilifika Haydom, nimeshakunywa na chai, nikarudi. Desideria alikuwa ameshapika. Akapanda mlimani kwa ajili ya kunitukana tu, akashuka.

Utaniuliza kwa nini nisingeacha laini ofisini. Waliiomba. Laini yangu ina hela zangu na picha ya marehemu babu yenu. Sisilia akasema picha haikai kwenye laini. Nikamwambia inakaa. Nimuachie nani, Gidamis, aliyewahi kurudi kwao bila viatu na asijue mpaka alipokanyaga mwiba? Wakataka kubadilisha namba kwenye akaunti, soko likasema kikundi kizima kikubali. Kikundi kikakaa chini ya mzee Tluway, kikajadili mpaka chai ikaisha, kikaamua namba ya Bibi ni nzuri, ibaki.

Basi msimu uliopita, Desideria hakunitukana. Alipiga simu, akahema, akauliza tu, "Bado una lile pengo la jino la mbele, au nimesahau?" Nikamsomea Sisilia namba za asubuhi, nikamwambia ninakwenda Basotu, akafungua mdomo, nikamwambia aufunge. Nikapanda gari, na simu nikaizima mpaka kwa dada yangu.

Alinipokea mlangoni. Hakunitazama, alinishika uso kwa mikono miwili yenye harufu ya samaki, akapapasa pua, akapapasa mashavu, akaingiza kidole kwenye pengo. "Lipo," akasema. "Kaa ule."

Tulikuwa tumekaa jikoni na sinia la perege katikati yetu, dada akinitolea miiba kwa vidole kwa sababu vidole vyake sasa vinaona kuliko macho yangu, ndipo tukasikia hodi. Ni mama yake Gidamis. Anakaa kando ya barabara, kule mtandao unakofika, mwanaye kampigia amtume.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, kaa, kula."

Akaona sinia. Watu wao ni wa ng'ombe, samaki kwao si chakula, ni mnyama aliyekosa miguu. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. "Hapana mama, nimeshiba tangu juzi." Dada akampa maziwa. Akanywa akitazama ukuta, akatoa habari: Kuna mnunuzi kampigia mzee Tluway, amekubali vitunguu saumu vyote vya Endagikot. Soko linataka jibu kabla ya jioni, la sivyo anapewa mtu mwingine. Bila-Uso yuko nje. Namba imeingia kwenye simu yangu. "Mwanangu anakuomba sana uje mlimani uwashe simu, uzisome."

Nilimfikiria mzee Tluway na ghala lake. Nisikudanganye, nilimfikiria. Halafu dada yangu akaniwekea mkononi kipande cha mgongo wa samaki, kimesafishwa hakina mwiba hata mmoja, akabaki ameshika kiganja changu kwa chini, kama anasubiri kuona kama kitaondoka.

Nikamwambia mama Gidamis, "Siji. Nakula samaki."

Akaenda. Gidamis aliniambia baadaye kwamba mama yake kwenye simu alishindwa kulitaja neno lenyewe, akamwambia tu, "Hataki kuja. Anakula kile kitu."

Haya yafuatayo niliyapata kwa Sisilia. Gidamis alipopata jibu alikaa sakafuni. Mzee Tluway alikuwepo, akavua kofia, akavaa, akavua. Sisilia akatembea kutoka ukutani mpaka ukutani. Alipopita kwenye kompyuta yake akaona, nyuma ya madirisha mengine, ukurasa wa soko uko wazi. Alikuwa ameuingia asubuhi mwenyewe kwa mkono, kwa zile namba nilizomsomea kabla ya kuondoka, akaenda kunywa chai akausahau. Akaubonyeza. Soko likafunguka! Jina la kikundi pale juu. Yuko ndani!

Akamkubali mnunuzi kwa mkono wake, wakapiga kelele mpaka mwenye mashine ya kusaga akazima mashine kuuliza nani amekufa. Halafu akatoa kuki za ule ukurasa, akampa Bila-Uso. Bila-Uso akapita bila namba, kama mwenye nyumba. Mara ya kwanza. Akafanya kazi yake. Akatumwa mara ya pili, akakuta mlango umefungwa. Na hata ule ukurasa wa Sisilia, uliokuwa mzima tangu asubuhi, nao ukamtaka namba.

"Huyu anaua alama," Sisilia akasema. "Alipewa ikiwa hai, akairudisha maiti. Anafanya nini akimaliza?"

Gidamis akatazama dari.

Sisilia akashuka mstari kwa mstari mpaka mwisho wa programu. Mstari wa mwisho kabla ya kufunga kivinjari, Bila-Uso alikuwa anabonyeza kitufe cha Toka. Na ukibonyeza Toka, seva inafuta sesheni yote upande wake. Kuki unabaki nayo, lakini haina mtu anayeijua.

"Gidamis! Nani kaweka hii?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Niliambiwa na mtu mzima."

Ni kweli. Tangu mwaka ule wa maboga. Sisilia alikuwa amekwenda Katesh, Gidamis akanionyesha Bila-Uso anavyofanya kazi, maneno yanapita kwenye kioo: anaingia, anasoma, anaandika, amemaliza. Nikamuuliza, "Na ameagaje?"

"Haagi, Bibi. Kivinjari kinafungwa tu."

"Kinafungwa tu! Anaingia kwa watu, anapokelewa, anasoma vitu vyao, anaondoka kimya kama mwizi wa kuku? Mama yako anajua unalea kitu cha namna hiyo?"

Gidamis akainamisha kichwa. "Kuna kitufe cha Toka, Bibi."

"Basi akibonyeze. Aage kama mtoto wa watu."

Akaandika palepale. Hakumwambia Sisilia, na mimi nikasahau, nina mambo mengi. Na msinitazame hivyo. Kuaga ni kuaga. Kama huko sokoni mtu akiaga vizuri wanamfuta kama hakuwahi kuzaliwa, tabia mbaya ni ya nani?

Jua lilikuwa linaelekea ziwani mama Gidamis aliporudi, safari hii akasimama nje kabisa, anaongea kupitia dirishani, kitambaa puani. Vitunguu saumu vimepata mtu. Shida imejulikana, ni ile kwaheri. Ikifutwa, Bila-Uso ataingia kila siku bila kumsumbua mtu.

"Basi waifute."

"Mwanangu hawezi. Sisilia amemwambia afute, amekataa. Anasema neno aliliweka kwa amri ya mtu mzima, hawezi kulitoa mwenye neno hayupo. Anakuomba urudi kesho, ukae kwenye kiti chako, umruhusu kwa mdomo wako. Na Sisilia anasema ukija, watakuaga rasmi. Umestaafu."

Dada Desideria akacheka mpaka akashika ubavu. "Hata talaka wanataka uifuate mwenyewe!"

Nikafikiri. Kijana aliyekataa kufuta neno langu hata mjukuu wangu mwenye cheti alipomwamuru, huyo mtoto amelelewa. Nikamwambia mama yake, umelea vizuri. Mwambie nimemruhusu. Bila-Uso asiage tena, ni kitu tu, hana mama. Lakini Gidamis mwenyewe akitoka ofisini jioni, aage, na avae viatu.

Mama Gidamis akapokea ujumbe wote, akaurudia, hakukosea hata neno. Hakuondoka.

"Na kesho, mama? Niwaambie unakuja?"

Dada yangu alikuwa ameshika mkia wa perege wa pili, anautafuta mwiba wa mwisho kwa ncha ya kidole, taratibu, hana haraka na mtu.

"Siji. Nakula samaki."